Hadithi Yangu na Mdomo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 11 Novemba 1844. Sikukuu ya Mtakatifu Martini.

Bata bukini yumo motoni, kabichi iko tayari, na mimi nimetukanwa ndani ya nyumba yangu. Aliyenitukana ni mwanafunzi wa sheria mwenye ndevu za kuhesabika.

Anaitwa Ignác Kotrba ila hataki tumwite hivyo. Siku hizi wazalendo wa Praha wote wana jina la pili, la kizalendo, naye amejipa Slavoboj. Amekuja hapa Podlesí kukusanya hadithi za kale za Kicheki kabla hazijapotea. Kila hadithi itachapwa kitabuni, na chini yake jina la aliyeitoa. Jina zima, kwa herufi za chapa. Matouš mume wangu aliposikia akasema vizuri, mgeni aletewe bia. Mimi nikavua aproni.

Maana hadithi ninayo. Nimeitunga mwenyewe wakati wa Kwaresima, binti yangu Běta alipokuwa na homa ya koo, halali, nami silali. Ni ya mama mmoja aliyekwenda kwa Bi Kipupwe, anayeficha usingizi wote wa dunia ndani ya mfarishi wake wa manyoya, akamwomba usingizi kidogo tu kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Bi Kipupwe akasema bei ni jina lako. Yule mama akalitoa. Mtoto akalala, akapona. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwita yule mama, si mume, si padri, si jirani. Wakifungua mdomo, jina halipo. Lakini mtoto alipoamka alisema "mama", naye akaitika. Basi, imeisha. Běta alilala hapo hapo, na kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Sijafanya kitu kizuri zaidi ya hicho, na nimezaa mara mbili.

Nikaketi, nikakohoa, nikaanza. Bwana Slavoboj akainua kalamu, akauliza kwanza kama najua kusoma. Nikamjibu kwa fahari kwamba najua, na kuandika, na hesabu mpaka kugawanya. Akaweka kalamu chini. Akafunika wino. Akaniambia kwa upole, kama daktari mwenye habari mbaya, kwamba mtu aliyesoma ameshaharibika. Chemchemi safi ya taifa iko kwa wazee wasiojua herufi. Ikiwezekana wasio na meno.

Meno ninayo yote. Nilitamani kumwonyesha yanavyofanya kazi.

Akauliza kama nyumbani hamna bibi mzee. Mama mkwe wangu, Mama Kordula, alikuwa kwenye benchi nyuma ya jiko, amelala mdomo wazi. Bwana Slavoboj akavua kofia. Alimtazama jinsi watu wanavyotazama altare.

Hapo nikapata akili. Mama Kordula ataisimulia hadithi yangu, neno kwa neno. Mwanafunzi ataandika. Jumapili ataisoma mbele ya baraza la wazalendo katika nyumba ya bia ya Simba Mweupe. Watu wakishapiga makofi, nasimama: jamani, ni yangu. Ataficha wapi uso? Itabidi aandike Apolena Kubalová, mke wa mtia rangi vitambaa, anayejua kugawanya.

Jumanne, 12 Novemba.

Nimeanza kumfundisha Mama Kordula. Kwanza ametaka kahawa. Ya kweli, si ile ya mizizi. Nikampa.

Mara ya kwanza alifika pale mama anapotoka kwenda kwa Bi Kipupwe, akasimama. Mtoto ameachwa na nani? Mama gani anaacha mtoto mgonjwa akaenda kutembea? Nikamweleza hakwenda kutembea, amekwenda kutafuta usingizi. Akasema zamani zao wanawake hawakutafuta usingizi, walitafuta kuni.

Mara ya pili mtoto amekuwa wa kiume. Nikauliza kwa nini. Eti wa kike asingehangaikiwa hivyo. Nikaenda nje kukata kuni ambazo hazikuhitaji kukatwa.

Mara ya tatu akasimulia yote sawasawa, kila neno mahali pake, kisha akaomba paja la bata lililobaki. Nilikuwa nimemwekea Běta. Nikampa yeye. Běta akanitazama. Nikamwambia mwanangu, hili paja litarudi kama kitabu. Akasema anataka paja.

Dirishani alipita Bi Eleonora, mke wa mfamasia, na mbwa wake. Mwaka juzi huyu ukimsalimu kwa Kicheki alikuwa anafunga dirisha. Sasa ni mzalendo kushinda sisi, anajiita Vlastimila, na mwanafunzi analala kwake, anakula kwake. Mbwa bado anaamriwa kwa Kijerumani. Nadhani mbwa huyo ndiye pekee asiyeigiza katika nyumba ile. Bi Eleonora akaniambia kwamba yeye naye amempata bibi mzee wake: Dorota, mpishi wao. Tena Dorota wake ana jicho moja tu, na Bwana Slavoboj amefurahi sana.

Jicho moja. Sawa. Mama Kordula hana meno na pia hasikii kwa sikio la kushoto.

Vít, mdogo wake Běta, anaota meno. Analia tangu alfajiri. Nimembeba huku nikichanganya unga, nimembeba huku naandika. Hapa kuna doa. Ni mate yake.

Alhamisi, 14 Novemba.

Nitaandika taratibu.

Leo kuchambua manyoya kulikuwa kwetu. Wanawake wa mtaa mzima kuzunguka meza, katikati mlima wa manyoya ya bata, kila mmoja anachana unyoya kutoka kwenye uti wake. Sheria za kazi hii mtoto mdogo anazijua: madirisha yafungwe, mlango usifunguliwe ovyo, hakuna chafya, hakuna kucheka kwa nguvu, na atakayepeperusha ataokota mwenyewe mpaka wa mwisho. Kwa hiyo tunasimuliana hadithi. Mikono ina kazi, mdomo hauna, mradi upumue kwa adabu.

Bwana Slavoboj akaketi nasi, mwanamume peke yake, wino gotini. Bi Eleonora naye akaja, ambaye hajachambua unyoya tangu azaliwe. Gauni jeusi la mahameli. Nilifurahi kimoyomoyo.

Mama Kordula akaanza. Niseme kweli, aliisimulia vizuri kuliko mimi. Ana sauti inayokwaruza pale panapotakiwa. Bi Kipupwe alipotaja bei yake, Barbora, mke wa mwoka mikate, aliacha kuchambua, machozi tele. Padri aliposhindwa kumwita yule mama kwa jina, hata Dorota akafuta jicho lake. Ikabaki sentensi moja. Mtoto anaamka, anasema mama. Nilikwishaanza kutabasamu.

Ndipo mlango ukabishwa. Ndani ya hadithi.

Nani anabisha? Mama mkwe. Mama mkwe wa yule mama, bibi mwenye busara kupita kiasi, kikapu mkononi, maandazi ya plamu tele, yanatoka moshi. Akaingia bila kungoja. Akamkaripia Bi Kipupwe hadi akalia. Akamnyang'anya lile jina na mfarishi juu yake. Akamlisha mtoto maandazi. Halafu akamwonyesha mkwewe jinsi mtoto anavyolazwa, kwa sababu wanawake wa siku hizi hawajui kitu.

Nikasema, "Siyo hivyo!"

Nilisema kwa nguvu kidogo. Mlima wote ukainuka. Manyoya kwenye jiko, manyoya kwenye maziwa, manyoya kwenye picha ya Mama Bikira. Kazi ya watu wote kutwa nzima juu ya dari. Barbora akasema Apolena, umerogwa? Vít akaamka. Wote wananitazama, weupe kama mizimu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wangu.

Isipokuwa mwanafunzi, ambaye hakuona kitu. Unyoya kwenye ndevu, unyoya kwenye wino, anaandika na kuguna. Akanong'ona kwamba huyu bibi wa kikapu si mtu. Ni mungu wa kike wa Waslavi wa kale, aliyesahaulika mpaka leo. Mama Kordula akasema asante, mwanangu.

Nimeokota peke yangu. Sheria ni sheria. Nilipokaribia kumaliza, Bi Eleonora, mahameli yake kama bata mwenyewe, akanipa pole. Akasema kumwonea wivu mama mkwe ni jambo la kawaida, hata yeye aliwahi. Kisha akaufungua mlango wote, akausimamisha wazi, akamwita mbwa wake kwa Kijerumani.

Nikaokota upya.

Jumamosi, 16 Novemba.

Nilipowauliza majirani kama hadithi ile waliisikia kwa mara ya kwanza Alhamisi, walinisahihisha.

Barbora anasema aliijua tangu utotoni, aliambiwa na bibi yake mzaa mama, ila maandazi yalikuwa ya mbegu za mpopi. Nikamuuliza, lini hasa? Zamani, Apolena. Zamani ipi, wakati mimi nimeitunga Kwaresima iliyopita? Akacheka, akanipa mkate wa jana kwa huruma.

Mhunzi anasema kijijini kwao hakuwa Bi Kipupwe, alikuwa dubu. Nikamwambia dubu ana mfarishi wa nini. Akafikiri, akasema dubu tajiri.

Dorota naye ameisimulia kwa Bi Eleonora. Katika hadithi yake kuna mbwa.

Bwana Slavoboj anakimbia barabarani kofia mkononi. Hadithi moja, mji mdogo, na kila mtu ana yake tofauti kidogo! Anasema hiyo ndiyo alama ya ukale. Kitu kinahitaji miaka elfu kutawanyika hivyo. Nikamwambia kinahitaji siku mbili na mke wa mwoka mikate. Akaniambia kwa upole kwamba sayansi haiendi hivyo.

Nikamwendea Matouš karakanani. Mikono ndani ya rangi ya buluu mpaka viwiko. Nikamweleza yote, na Mama Kordula aliyoyafanya. Akasikiliza vizuri, yeye ni msikilizaji. Mwisho akasema, "Si ulitaka watu waijue? Wanaijua."

Nimempa supu ya baridi.

Hata hivyo bado kuna kesho. Watu hawa nawajua, wananijua. Nikisimama mbele yao nikasema la kweli kwa sauti ya kawaida, nani atabisha? Nimepiga pasi kola.

Jumapili, 17 Novemba.

Wamebisha wote.

Simba Mweupe imejaa. Utepe mwekundu na mweupe kila mahali, hata kwenye pembe za kichwa cha paa kilichotundikwa ukutani. Kila mtu ni ndugu mzalendo na dada mzalendo, watu ambao Ijumaa walikuwa wanagombania kisima. Bi Eleonora alisoma shairi kuhusu lugha yetu tamu ya mama na akakosea lafudhi mara nyingi, wakampigia makofi kwa ushujaa wake.

Kisha mwanafunzi. Hadithi yangu kutoka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kikapu. Wanaume wazima walitoa vitambaa. Mama Kordula ameketishwa mbele, kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, anapokea salamu kama askofu. Bwana Slavoboj akasema kabla ya makanisa yetu, kabla ya wafalme wetu, bibi fulani asiyejua herufi alimsimulia mjukuu wake maneno haya haya, naye mjukuu akamsimulia wake, mpaka leo hapa Podlesí. Makofi. Meza zikatingishika.

Nikasimama. Nikasema, jamani, naomba radhi. Hadithi hii niliitunga mimi, Kwaresima, kando ya kitanda cha mwanangu. Mama Kordula nilimfundisha.

Vikombe vya bia vikashushwa mezani, kimoja kimoja.

Mwanafunzi hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema vizuri, dada Apolena aisimulie basi, tumsikie. Nikaisimulia. Neno kwa neno, ilivyo. Nilipofika "mtoto akasema mama, naye akaitika", nikanyamaza.

Wakaendelea kunitazama. Wakangoja. Mhunzi, kutoka nyuma: "Na maandazi?"

Nikasema hakuna maandazi. Ukumbi wote ukanung'unika. Barbora, rafiki yangu tangu komunyo ya kwanza, akasema Apolena mpenzi, umesahau mwisho. Mwalimu akaeleza majirani zake kwamba ndivyo shule inavyofanya, inakata hadithi mkia.

Nikamgeukia Mama Kordula. Nikamwomba mbele ya watu aseme ukweli, nani alimpa hadithi hii. Akanitazama kwa macho maangavu ya mtu asiyedanganya. Akasema aliipata kwa bibi yake, ambaye alikuwa anachunga bata. Na naapa hakuwa anasema uongo. Alishaamini. Anamwona bibi yake akiisimulia, anaona mpaka bata. Kisha akaongeza kwamba mkwe wake ni msichana mzuri, mchapa kazi, ila hajalala tangu mtoto aanze meno.

Walicheka. Kicheko cha wema. Mtu akanipa soseji.

Mlangoni Bwana Slavoboj akanifuata kunifariji. Alisema nisihuzunike; kitu kama hiki hakitungwi na mtu, kinatungwa na taifa zima. "Hebu fikiri, dada. Mtu mmoja, tena mwanamke mwenye watoto wadogo, angepata wapi muda?"

Muda niliupata kwa kuwa mtoto wangu alikuwa anashindwa kupumua, na kulikuwa hakuna kingine cha kumpa. Sikuwa na kahawa, sikuwa na daktari, nilikuwa na mdomo. Hilo nalo lilipaswa kuandikwa chini, kwa herufi za chapa.

Soseji nilimtupia mbwa wa Bi Eleonora. Alinielewa kwa Kicheki.

Jumatano, 20 Novemba.

Mwanafunzi ameondoka kwa gari la posta. Kitabuni itaandikwa: *imetoka kwa Kordula Kubalová, bibi wa miaka mingi, asiyejua kusoma*. Mama Kordula ameomba aandikiwe sentensi hiyo kwenye kipande cha karatasi. Hawezi kuisoma. Ameibandika juu ya benchi lake na kila anayekuja anamsomea.

Leo nilimlaza Běta mimi mwenyewe, mchana, ana mafua. Akaomba hadithi. Nikamuuliza ipi, ingawa moyo ulikuwa unajua. Ya Bi Kipupwe. Nikaanza. Mkono wake ndani ya mkono wangu, moto kidogo, si sana. Bei, jina, padri, majirani. Mtoto akaamka, akasema mama, naye akaitika.

Běta akangoja.

Nikasema imeisha, lala. Akasema haijaisha, bado bibi hajabisha. Nikamwambia mwanangu, wewe ulikuwepo. Hii ni yako, nilikutungia wewe, ulikuwa umelala hapa hapa. Akanitazama kwa upendo, kama mimi ndiye mgonjwa. Akasema, "Sawa, mama. Sasa niambie ile ya kweli."

Nikabisha mlango. Nikaingiza kikapu. Maandazi yakatoka moshi, Bi Kipupwe akalia, na mkwe akafundishwa kulaza mtoto. Běta alilala kabla ya andazi la pili. Nilibaki nimemshika mkono, nikiwa na hasira kuliko siku zote, na sikutaka kuuachia.

Niliendelea kukaa hapo. Nikakumbuka alilosema mwanafunzi akipanda gari: kwamba kitu kimoja tu kinamsumbua, hadithi ina pengo. Yule mama alipofika kwa Bi Kipupwe lazima aliimba. Wimbo umepotea, bila shaka ni wa kale mno. Atarudi Februari, sikukuu ya mishumaa, kuutafuta kwa wazee.

Vít alipomaliza kunyonya, wimbo ulikuwa tayari. Beti nne na kiitikio. Nimeuimba kwa sauti ya chini mara moja, na hata mimi nimesikia baridi shingoni. Ni mzuri kuliko hadithi. Huu hautaniponyoka.

Kosa langu lilikuwa Mama Kordula. Nimelifikiria kutoka kila upande na ni hilo tu. Ana makuu, na anataka kuwa ndani ya kila kitu. Nilihitaji mtu wa nje. Mtulivu, mzee, asiyejua herufi, asiyejipenda.

Kwa hiyo nimekwenda kwa mlango wa nyuma wa mfamasia na kuzungumza na Dorota. Amekubali mara moja. Ana jicho moja, mwanafunzi anampenda tayari, na Bi Eleonora hatajua kitu mpaka nitakaposimama mbele ya baraza. Nitasimama safari hii kabla ya makofi, si baada. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Dorota ameuliza jambo moja tu. Kwamba wimbo ni mzuri, hana neno, ila pakipatikana mahali pa mbwa, anaweza kumtia kidogo?

Nikamwambia kidogo tu haidhuru.